Michoro ya Nyero na gome la mama jirani yetu

Majuma matatu mmekosa ukurasa huu wa safari, na wengi wenu mnajua sababu yake. Binti ya mama mtunza sanduku wetu, aliyeolewa Uganda upande wa Kumi, alijifungua mtoto wake wa kwanza. Kwa desturi yetu nyanya haendi kumpokea mjukuu mikono mitupu, wala haendi peke yake. Basi tulichanga dumu la mafuta ya mawese, vitenge viwili, maharagwe na unga wa muhogo, tukaondoka Eringeti tukiwa wamama watano.

Tulikwenda kumwona mtoto, na tumemwona: ni msichana, ana afya, na sauti yake ya kulia inasikika mpaka kwa majirani. Lakini tumerudi pia na jambo jingine ambalo hatukulitafuta. Jambo hilo linatuhusu sisi wa shirika hili, na hasa kikao kimoja ambacho wengi wenu mlikuwapo. Tutaeleza yote kwa utaratibu, hata lile lisilotupendeza.

Njia

Kutoka Eringeti mpaka Oicha, na kutoka Oicha mpaka Beni, hatuna la kuwaambia. Njia hiyo mnaijua, na woga wake mnaujua. Gari lilipopita mahali pale ambapo kila abiria hunyamaza, sisi pia tulinyamaza. Baada ya Beni pumzi zilirudi, tukaanza kugawana ndizi.

Tulipovuka daraja la Semliki, kwenye njia ya Kasindi, mama mkubwa wetu alinyosha kidole upande wa kusini akasema, "Huko ndiko Ishango." Wawili kati yetu hatukuwa tumesikia habari za Ishango isipokuwa samaki zake. Ni pale Semliki unapotoka katika ziwa Edward, ndani ya teritware yetu ya Beni. Mwaka 1950 Mbelgiji mmoja, Jean de Heinzelin, alichimba pale akapata mfupa mdogo wenye alama nyingi zilizokatwa kwa safu tatu. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka 20,000 hivi. Wako wanaosema ni hesabu, wako wanaosema ni kalenda ya mwezi. Mwandishi mmoja wa Marekani, mama Claudia Zaslavsky, aliuliza hivi: ni nani aliyekuwa na haja ya kuhesabu siku za mwezi kuliko mwanamke anayefuata siku zake? Tulicheka ndani ya gari, kisha tukaona kwamba ni swali la maana. Mfupa wenyewe hauko Ishango. Umehifadhiwa katika jumba la makumbusho huko Brussels.

Mama mtunza sanduku aliuliza, "Kwa hiyo vitu vyetu vya zamani viko kwa wengine, na sisi tuko hapa bila kitu?" Hakuna aliyemjibu. Tuliliacha swali hilo pale darajani, lakini lilitufuata.

Kasindi tulipanga mstari na karatasi zetu pamoja na vitabu vya chanjo, tukavuka mpaka Mpondwe, tukapanda basi la usiku kwenda Kampala. Kesho yake tulipita Jinja, mahali mto Nile unapotoka katika ziwa Victoria. Kijana aliyekaa karibu yetu alituambia tuwe tayari kuuona. Mama mkubwa alimjibu kwamba yeye anaujua Nile tangu kuzaliwa, kwa sababu maji ya Semliki huingia ziwa Albert, na kutoka huko huingia mto huo huo. Kijana alinyamaza kwa heshima. Jioni tulifika Mbale, na giza lilipoingia tulikuwa Kumi.

Nyumba ya wakwe

Wakwe zetu ni Waiteso. Tulipofika waliimba na kupiga vigelegele kama kwetu, wakasema "Yoga, yoga noi", ndiyo salamu yao. Mama mkwe anaitwa Toto na kila mtu. Tulishangaa kusikia mtu mzima mwenye mvi akiitwa toto, mpaka binti yetu alipotueleza kwamba kwa Kiteso neno hilo ni "mama". Tangu saa ile sisi watano pia tulikuwa matoto, na wajukuu wa pale walifurahi sana kutuita hivyo.

Walitupikia bugali wa ulezi, mwekundu na mzito, pamoja na mboga za majani zilizoungwa kwa karanga. Jioni wazee waliweka chungu cha pombe ya ulezi, wanayoiita ajon, wakakaa kwa kuzunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu, wakinywa kutoka chungu kimoja. Sisi tulipewa chai, tukaangalia. Mama mkubwa alisema kwamba shirika linalokunywa chungu kimoja bila kugombana limeshinda letu la likelemba.

Siku ya tatu Toto alisema kwamba mgeni hawezi kulala Kumi bila kuyaona mawe ya Nyero. Binti yetu alibaki na mtoto. Mume wake alikuja nasi kutafsiri, maana Toto hajui Kiswahili na sisi hatujui Kiteso.

Mawe

Nyero haiko mbali na mji wa Kumi, kwenye njia inayokwenda Ngora. Nchi ile ni tambarare, siyo kama kwetu ambako kila upande macho hugonga mti. Pale macho yanakwenda mbali, mpaka yanapokuta mawe makubwa ya matale yamesimama peke yake katikati ya mashamba, mengine yakiwa yamepandana kama mizigo sokoni. Kando ya njia tuliwaona wamama wamekaa chini ya vivuli vya makuti, wakivunja mawe kwa nyundo kupata kokoto. Watoto walilala karibu nao juu ya vitenge. Toto aliwasalimu kwa majina. Alituambia kokoto hizo hulipa karo ya shule.

Mlangoni tulilipa kiingilio, na mlinzi mmoja akatuongoza. Onyo lake la kwanza lilikuwa moja tu: tusiguse ukuta. Mafuta ya vidole hula rangi. Mama mkubwa aliificha mikono yake ndani ya kitenge kama mtoto aliyekatazwa sukari.

Nyero ina vibanda sita vya mawe, lakini wageni huonyeshwa hasa vitatu. Kibanda ni mwamba ulioinama na kufanya paa. Cha kwanza ni kidogo. Ndani yake kuna duara zilizochorwa kwa rangi nyeupe, duara ndani ya duara nyingine, kama maji yanavyofanya unapotupa jiwe kisimani. Cha tatu nacho kina duara nyeupe chini ya jiwe, na mistari inayotoka kama miale ya jua. Ili kuiona vizuri unalala chali. Watatu kati yetu tulilala chali, tukainuka na vumbi mgongoni.

Kibanda cha pili ndicho kikubwa. Ukuta wake umesimama wima, mrefu kuliko nyumba, na michoro yake ni myekundu. Iko zaidi ya arobaini. Kuna duara nyingi zilizozungukana, kuna alama kama ngazi, kuna alama kama maganda marefu ya mbegu, na kuna moja ndefu ambayo watu husema ni mtumbwi. Rangi nyekundu ni udongo wenye kutu ya chuma uliosagwa. Hakuna mnyama anayewindwa, hakuna watu wanaocheza. Huko Kondoa, Tanzania, ambako michoro ya miamba iliingizwa katika urithi wa dunia na UNESCO mwaka 2006, utaona twiga, swala na watu warefu wembamba. Nyero ni alama tu.

Mlinzi alitueleza yale yanayojulikana. Michoro hii iliandikwa katika vitabu kwa mara ya kwanza mwaka 1913. Katika miaka ya 1960 Merrick Posnansky na mwenzake Charles Nelson walichimba pale chini, wakapata vyombo vidogo vya mawe na vipande vya vyungu. Inasemwa kwamba michoro ni ya kabla ya mwaka 1250, na pengine ya zamani zaidi. Waiteso wenyewe husema kwamba walipofika nchi hii waliikuta.

"Basi ni nani aliyechora?" tuliuliza.

Mlinzi alijibu kwamba wataalamu wengi wanaona ni watu waliokuwa wakiishi kwa kuwinda na kuchuma, ndugu za Batwa na za watu wa msitu wa Kongo. Akaonyesha kwa mkono upande wa magharibi, yaani upande tuliotoka sisi.

Toto alikuwa amekaa juu ya jiwe, akatuambia yale aliyoyasikia kwa wazee wake. Zamani watu walikuja kuomba katika kibanda hiki. Mvua ilipokataa, walileta chakula na pombe ya ulezi. Mama aliyekosa mtoto alikuja pia. Sasa watu wanasali kanisani, alisema, lakini hata leo yeye hawezi kupaza sauti mahali hapa. Tuligundua kwamba sisi pia, tangu tuingie, tulikuwa tukinong'ona.

Hapo ndipo tulipomwona mama katibu wetu. Alikuwa amesimama peke yake mbele ya ukuta, karibu na ile alama ya ngazi, na hakuwa anasikiliza tena.

"Hii nimeiona," alisema.

Tukamwuliza wapi.

"Kwenye gome. Lile gome."

Kikao chetu

Wale waliokuwapo wanakumbuka. Kwa ajili ya wale ambao hawakuwapo, tunaeleza.

Nyuma ya soko letu la Eringeti inaishi mama mmoja mzee wa Kimbuti, pamoja na binti yake na wajukuu. Walitoka msituni, njia ya Komanda, kwa sababu ya vita, kama wengi wetu tulivyotoka katika vijiji vyetu. Anauza kuni kidogo, na dawa za mizizi. Siku moja alikuja katika kikao chetu cha likelemba akaomba kuingia. Tulimwambia masharti. Juma lililofuata alirudi bila franka. Alileta gome la mti, lililopondwa mpaka likawa laini kama kitambaa, na juu yake mistari myeusi, vidoa, na alama kama ngazi. Alilitandaza juu ya meza, juu ya daftari letu. Alisema kwamba hilo ndilo mchango wake, na kwamba lilimchukua siku nyingi.

Mama katibu alilikunja akamrudishia. Alimwambia, "Mama, hapa ni franka tu." Wengine tulicheka. Yeye hakusema neno. Alilichukua akaliweka kwapani, akaondoka. Tuliendelea na hesabu.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mama katibu alisoma maneno haya kabla hayajachapwa, akasema tuyaache kama yalivyo. Tunaongeza kwamba mkono uliokunja gome ulikuwa wake, lakini kicheko kilikuwa chetu.

Pale Nyero mama katibu alimwuliza mlinzi kama kuna mtu anayejua kuhusu magome ya Wambuti. Mlinzi alifurahi sana. Alisema kwamba yupo mtafiti mmoja wa Uganda, Catherine Namono, aliyeilinganisha michoro ya miamba ya nchi ile na michoro ya magome ya watu wa msitu wa Ituri. Tunayojua wenyewe ni haya: kwa Wambuti, wanaume huvua gome na kulipondaponda kwa nyundo, lakini wanaolichora ni wanawake. Huchora kwa kidole au kwa kijiti. Rangi nyeusi hutoka katika maji ya tunda la msituni yaliyochanganywa na makaa. Alama hizo hizo huchorwa mwilini, kwa mfano wasichana wanapovunja ungo na kuchezwa ngoma ya elima. Magome ya namna hiyo sasa yametundikwa katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani, nyuma ya vioo.

Hatusemi kwamba ukuta wa Nyero na gome la jirani yetu ni kitu kimoja. Duara za Nyero hatukuziona kwenye gome. Kati yao kuna mamia ya kilometa na mamia ya miaka. Lakini tulikuwa tumelipa gari siku mbili, na kiingilio mlangoni, na tumelala chali katika vumbi, ili tuone alama ambazo hakuna aliye hai anayeweza kusema alizichora. Na mama mmoja aliye hai, ambaye mkono wake unajua kazi ya namna ile, tulikuwa tumemtoa nje ya mlango wetu.

Toto aliuliza kwa nini tumenyamaza. Mkwe wetu alimtafsiria. Toto alifikiri kidogo, kisha akasema kwamba yeye angempa mama huyo chai kwanza, na mengine baadaye.

Mlima Hoyo

Katika safari ya kurudi tulizungumza sana juu ya Mlima Hoyo. Wazee wetu wanaujua. Uko kaskazini mwetu, ukipita Luna kuelekea Komanda, upande wa Ituri. Ni mlima wa mawe ya chokaa wenye mapango mengi na maporomoko ya maji ambayo Wazungu waliyaita Ngazi za Vénus. Mama mkubwa alifika huko akiwa msichana wa shule. Anakumbuka baridi ya pangoni na popo.

Katika mlima huo liko pango la Matupi. Katika miaka ya 1970 Mbelgiji Francis Van Noten alichimba humo akakuta vyombo vidogo vya mawe ambavyo tabaka zake za chini zina zaidi ya miaka 40,000. Alipata pia kipande cha jiwe lililotobolewa katikati, na juu yake mtu alikuwa amechora mistari. Kwa hiyo hata kabla ya kuvuka Semliki tulikuwa na vitu vyetu. Viko karibu nasi kuliko Butembo.

Lakini hatuendi. Tangu mauaji yalipoanza upande wa Beni, Oktoba 2014, msitu umefungwa kwetu. Watu wa Eringeti hawahitaji kukumbushwa tarehe 29 Novemba 2015. Watoto wetu waliozaliwa tangu wakati huo wanaujua msitu kama mahali panapotoka risasi, na hawana habari nyingine juu yake. Tukiwaambia kwamba humo kuna pango ambamo watu waliishi, walipika, na walichora mistari kwenye jiwe miaka elfu na elfu iliyopita, wanatuangalia kama tunawadanganya.

Mwalimu mmoja, rafiki ya shirika letu, alipotusikia alitusimulia habari za Wanavajo, watu wa asili wa Marekani. Katika jimbo la Arizona wana bonde lenye kuta za mawe mekundu, linaitwa Canyon de Chelly. Katika kuta hizo kuna magofu ya nyumba na michoro ya watu waliotangulia, na Wanavajo nao walichora yao, kwa mfano wapanda farasi wa Kihispania waliowavamia. Mwaka 1864 askari wa serikali ya Marekani waliingia humo, wakakata miti yao ya matunda ya pichi, wakawatembeza kwa miguu mamia ya kilometa mpaka kambi ya Bosque Redondo. Wengi walikufa. Mwaka 1868 waliobaki waliruhusiwa kurudi. Mpaka leo ziko familia za Kinavajo zinazolima ndani ya bonde hilo, na wao ndio wanaowaongoza wageni kuyaona magofu.

Habari ya miti iliyokatwa ilituingia sana. Nani katika sisi hana shamba la kakao ambalo wengine wanalivuna, au linaloozea mtini? Lakini tulishika pia ile habari ya kurudi. Ukuta wa mawe unaweza kungoja miaka minne, hata arobaini, na mwenye kurudi ataukuta. Mama mzee hawezi kungoja hivyo. Akifa kambini, au katika nyumba ya kupanga nyuma ya soko, anakwenda na vyote alivyovijua.

Tulivyorudi

Tulipofika Eringeti mama katibu hakwenda kwake kwanza. Alikwenda nyuma ya soko na mzigo wake kichwani. Nyumba ilikuwa imefungwa kwa kamba. Majirani walisema milio ya risasi ilisikika usiku mmoja, na familia ile ilikimbilia Oicha. Hakuna aliyejua kama watarudi.

Hatutaficha kwamba siku zile zilikuwa ndefu. Mama katibu aliuliza kwa kila mtu wa moto aliyetoka Oicha. Baada ya siku kumi na mbili mama alirudi, yeye na wajukuu wote, mzima. Mama kiongozi na mama katibu walikwenda kwake na sukari, chumvi na sabuni. Walikunywa chai kwanza, kama Toto alivyosema. Kisha mama katibu alipiga magoti akaomba msamaha kwa Kiswahili, na mama kiongozi akaomba kwa niaba yetu sote.

Mama yule alisikiliza mpaka mwisho. Alisema, "Siku ile nilikuwa na njaa. Sikuwa na hasira." Wale wawili hawakujua la kujibu.

Walimwonyesha picha za Nyero katika simu. Aliitazama moja baada ya nyingine, akiiweka simu karibu na jicho. Walimwuliza kama anajua alama zile zinasema nini. Alisema hajui. Yule aliyezichora hakumwambia. Lakini alifuata duara moja kwa kidole juu ya kioo, polepole, kutoka ndani kwenda nje, akasema, "Huyu alianzia hapa. Hapa akachoka, akapumzika, akaendelea." Kisha akacheka, kicheko cha kwanza walichokisikia kwake.

Walimwuliza pia kuhusu lile gome. Alikuwa ameliuza kwa mpita njia, kwa bei ya vipande viwili vya sabuni. Je, anaweza kuchora jingine? Alijibu, "Mti upo. Njia ndiyo hakuna." Miti ya kutoa gome iko ndani ya msitu, na tunda la rangi liko humo humo. Sasa anachora kwa makaa matupu juu ya karatasi ya mifuko ya saruji, ili wajukuu wa kike wasisahau. Alizitoa chini ya mkeka, ziko kumi na moja. Zimekunjwa vizuri kama nguo za mtoto.

Tuliyoyakata

Katika kikao cha Jumatano iliyopita tuliyakata mambo manne, na tunayaandika hapa ili kila mama ayajue.

Kwanza, mama huyo ameingia likelemba. Hatukumpa kwa huruma. Shirika linanunua michoro yake kwa bei aliyoitaja mwenyewe, na kutoka hapo anatoa mchango wake kama sisi.

Pili, Jumamosi baada ya saa nane atakaa na wasichana wetu chini ya mwembe wa shirika, awafundishe mistari. Atakuja na wajukuu wake, na hao nao ni watoto wa shirika. Mama atakayemkataza mtoto wake kukaa nao mkeka mmoja aje kutueleza sababu mbele ya wote.

Tatu, kama una gome la zamani nyumbani, la mama yako au ulilolipata kwa jirani, usiliuze kwa wapita njia. Lilete tulione, tuandike nani alilichora na wapi, kisha urudi nalo. Ni mali yako.

Nne, kila mama awaulize wazee wa nyumbani kwake kuhusu Mlima Hoyo, Ishango na msitu wetu: nani alifika, aliona nini, paliitwaje. Andika au mwambie mtoto anayesoma akuandikie. Amani itakaporudi tutataka kwenda huko na watoto, na tutahitaji kujua njia.

Mtoto wa Kumi sasa ana mwezi na nusu. Toto ametuma salamu kwa simu. Aliuliza juu ya mama wa gome kabla ya kuuliza juu yetu. Tulimwambia kwamba amekunywa chai.

Mbaki na amani, wamama.